Bado

Baba amenirudishia chupa.
"Haina kitu hii. Navuta mvuke wa birika."

Nje theluji ya Łódź inageuka tope kwenye reli za tramu.
Nawasha taa ya jikoni, nafuta mizani ndogo
ambayo Mama alipimia hamira.

Tufaha, asilimia nne.
Mdalasini nusu tu, maana mdalasini ni mgeni mkorofi:
ukimkaribisha sebuleni, anahamia chumbani.
Siagi. Ukoko wa keki, matone manne.
Gliserini inateremka polepole
kama mtu anayeshuka ngazi na jambo la kuficha.

"Bado."

Nikaongeza. Sita. Nane.
Akavuta, akatazama dari, akanirudishia.
Kumi na mbili: koili ikaungua, pamba ikawa nyeusi,
jikoni kukanuka duka la manukato lililoshika moto,
naye, kwa upole unaouma: "Bado, Jagoda."

Nilijua hasara ya maji kuzidi unga.
Sikujua unga nao huzidi maji.

Tymoteusz, muuza mvuke wa karibu na kituo, alicheka
hadi miwani ikamteleza puani.
"Unampigia kelele kiziwi, koo linakuuma wewe.
Punguza. Ilaze gizani wiki tatu.
Na mzee mpe maji, mpe limau alambe.
Ulimi uliochoka haubebeshwi, hupumzishwa."

Miaka arobaini ya sigara kwenye vumbi la kiwanda cha pamba:
nikamwamini. Nikaulaumu ulimi wa Baba.
Nikaivika chupa soksi, nikaificha
nyuma ya mitungi ya matango ya chumvi,
kila jioni nikiitikisa
kama anayemwamsha mtoto asiyetaka shule.
Rangi ikatoka kwenye maji, ikafika kwenye chai nyepesi.

Siku ya ishirini na moja Baba alivuta mara moja.
Mvuke ukamtoka puani, ukapanda, ukagusa pazia.
Hakutazama dari. Alitazama jiko,
mlango wa oveni, ule wenye mpini uliolegea.

"Karafuu," akasema.

Karafuu gani?

"Mama yako alitia mbili. Katikati ya matufaha.
Alizitoa kabla hajaleta keki mezani,
wewe ulikuwa ukizitema."

Kumbe pua niliyoizika ilikuwa macho wakati wote,
ikitafuta vitu viwili vilivyokwisha kuondolewa.

Nitapimaje kilichotolewa?
Nilichovya kijiti kwenye mafuta ya karafuu,
nikakifuta kwa karatasi,
nikagusa uso wa chupa, nikakitoa.
Mizani haikusogea. Sifuri, nukta, sifuri.

Nimeirudisha ndani ya soksi.
Baba anauliza kila asubuhi, kabla ya chai.
Bado siku kumi na tisa.