Pima Maji

Baba hakuwa na pima maji ya dukani.
Alikuwa na chupa ya soda, maji nusu.
Huilaza juu ya ubao, huinama,
jicho moja kalifumba kama anayelenga ndege,
kisha huniambia: "Hapa ongeza koleo mbili."
Hivyo ndivyo mfereji ulivyoshuka Kivule,
koleo mbili, koleo moja, nusu koleo,
kutoka kisima cha akina Mwinjuma hadi Mto Mzinga,
na matuta yetu ya mchicha yakawa na miguu mikavu
hata mwezi wa nne.

Kaka yangu Mwinshehe ndiye aliyeuza upande wa juu.
Nisiseme uongo: nami nilikuwepo,
nikatia dole gumba, shahidi wa pili,
wino wa zambarau ukakaa kuchani siku tatu.
Pesa zile? Bati. Operesheni ya mama.
Na friji ambayo haijawahi kugandisha.
Karani aliisoma karatasi kwa sauti ya puani:
"Kaskazini, barabara ya mtaa. Mashariki, mnazi.
Kusini, mfereji."

Bwana Kapinga akaja na lori la kifusi,
la pili, la tisa, tukaacha kuhesabu.
Kifusi cha Dar kina kila kitu ndani yake:
vigae vya choo cha mtu, kandambili moja,
kipande cha ukuta wa chumba walimogombana watu,
bado kina rangi ya bluu.
Vyote vikalala ndani ya mfereji wa baba.

Kisha fundi, na pima maji.
Ya kweli, ya njano, kiputo kikicheza ndani ya kioo.
Akaiweka juu ya tofali la kwanza,
kiputo kikatulia katikati.
"Ukuta umekaa sawa," akasema.
Nikamuuliza: na maji je, umeyapima?
Akacheka. Alidhani natania na maneno.

Masika ya kwanza, maji yaliyokosa njia yakaja kwangu.
Matuta yakageuka sahani za supu.
Mchicha ulianza manjano miguuni,
matembele yakavumilia wiki moja, yakaoza,
na sokoni Kitunda wateja wakampa mwanamke mwingine
jina langu: Mama Mboga.

Nilipofika ofisi ya mtaa
Bwana Kapinga alikuwa ametangulia na yake:
mbolea ya kuku inanuka, pampu inamwamsha,
mbu wa kata nzima ni wa kwangu.
Mwenyekiti akaniuliza hati ya mfereji.
Hati.
Ya mfereji.
Nikasema, mfereji ni shimo, mheshimiwa,
hati yake ni kule maji yanakokwenda.
Akaandika. Sijui aliandika nini.

Mwaka huu, usiku wa kuamkia Ijumaa,
saa nane, simu. "Mama Sikujua, njoo na jembe."
Nikamkuta sebuleni, maji magotini,
suruali kaitwika kichwani kama mtungi,
mkewe juu ya meza na gunia la unga na mjukuu.
Maji yalitokea chooni, bila haraka,
kama mgeni anayeijua nyumba.
Wahenga walisema, maji ukiyavulia nguo...
sikumalizia. Palikuwa na mtoto.

Tuliubomoa mguu wa ukuta sote wawili,
yeye kwa mtaimbo, mimi kwa jembe la baba,
tundu la ukubwa wa ndoo.
Kwanza hakikutoka kitu.
Halafu ile kandambili.
Halafu maji, yote, kwa mguno,
yakapita juu ya mbegu nilizomwaga Jumatatu.

Asubuhi hakunishukuru, wala sikumdai.
Alisimama penye tundu na karatasi iliyolowa,
dole langu la zambarau limetawanyika kama ua,
anaitafuta kusini.
"Hivi mpaka wangu ulikuwa wapi hasa?"

Chupa ya soda ilikuwa inaelea jikoni kwake.
Nikaiokota, nikamwaga nusu.
"Shika ubao," nikamwambia.
"Fumba jicho moja."