Masharti ya Kuazima

Chukua. Lakini kwanza keti hapa jikoni, Mfaume,
na hilo kasia liweke chini.

Kayaki hii ya njano ilikuwa ya hoteli.
Hoteli ikafungwa, mlinzi anadai miezi minane,
wakamlipa chombo, naye hata kuogelea hajui.
Nikampa magunia mawili ya korosho
na jogoo mmoja ambaye sikumpenda.
Kitako nimekiziba kwa ndala ya kuyeyusha.
Haivuji. Ikivuja, haivuji sana.

Changu wapo pale mnara wa simu wa Shangani
unapokaa sawasawa juu ya paa la ghala.
Boya usilivuke. Ng'ambo ya boya ni njia ya meli za makaa,
na nahodha wa makaa hatazami chini.

Sasa sikiliza.
Mwezi wa saba, alfajiri isiyo na upepo,
ukungu haubishi hodi.
Unatazama mshipi, unainua macho:
mnara hakuna, ghala hakuna,
ncha ya chombo chako mwenyewe unaikisia.

Siku ile mimi nilijua nyumbani ni wapi.
Ningeapa.
Nimezaliwa Msangamkuu, mkondo huu nimeunywa
kabla hakijaja hicho kivuko mnachopandia pikipiki.
Nikasema, pwani hiyo hapo mbele ya pua yangu.
Nikashika kamba niing'oe nanga.

Jogoo akawika nyuma.

Nyuma, Mfaume, upande nilioupa jina la bahari.
Na sauti nikaijua, ile ya kukwaruza,
yule yule niliyemtoa kwa mlinzi bila majuto.
Maji yalikuwa yameanza kupwa
yakanigeuza polepole na nanga yangu chini
kama mtu anavyogeuza chapati asiiamshe.
Wazee wanasema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.
Tezi ipi, omo ipi,
chombo chenyewe kina ncha mbili zinazofanana?

Kwa hiyo ukikushukia, kaa.
Jiwe lipo, kamba ni pima kumi na tano, zote za kwako.
Utaona aibu kukaa. Mikono itawasha.
Iache iwashe.

Filimbi hii ni yangu ya netiboli,
imewatoa uwanjani kidato cha tatu wenye mabega kukuzidi.
Puliza mara moja, ndefu, halafu nyamaza.
Kupuliza kila mtu anaweza, kazi iko kwenye kunyamaza:
usikie injini inakuja au inakwenda,
usikie wimbi linavunjika juu ya mwamba au juu ya mchanga.
Meli ikipiga honi utaisikia kifuani
kabla haijafika sikioni.

Jaketi livae. Usilikalie.
Watakucheka pale gatini, wacha wacheke.
La baba yako lilirudi na mtumbwi,
limekunjwa vizuri.

Simu itie kwenye mfuko wa nailoni,
funga mafundo mawili, ukajaribu kwanza kwenye ndoo,
sio unipigie siku ya tatu unauliza
mchele unakausha simu kwa muda gani.

Jua likichelewa nami nikakosa kukuona
nitashuka ufukweni na sufuria ya shughuli, ile kubwa,
nitaipiga kwa mwiko mpaka majirani wanikome.
Usije kwa sababu unaisikia.
Ukungu huhamisha sauti, hukuwekea mama mdogo wako
mahali ambapo hayupo.
Ngoja uuone mwiko. Uuone na mkono.

Haya, nenda.
Samaki wawili ni wangu, tena si wale wadogo.
Na filimbi naitaka Jumamosi.
Kuna mechi.