Ndoo Yenye Kitako cha Kioo

Mlangoni wananibandika kibandiko cha kijani kifuani:
MSAIDIZI. Halipi.
Bi Ishbel analipa nusu, kwa miaka yake themanini na tisa
na magoti yaliyostaafu kabla yake.
Nasukuma kiti. Gurudumu la kushoto linalia kama panya aliyenaswa
na mji mzima wa Perth, nadhani, unatusikia.

Ndani ni giza la makusudi.
Lulu, bango linasema, hazipendi mwanga mkali,
hazipendi siki wala manukato.
Zinapenda ngozi ya mtu.
Zikifungiwa sandukuni miaka na miaka hufifia, hupasuka, hufa.
Mimi mtoto wa Singida, wa alizeti na vumbi,
lulu niliijua kwa nguruwe tu, wale wa mahubiri.
Basi nasoma kila kitu, kwa sauti ya chini,
kwa kuwa herufi ndogo zimemshinda Bi Ishbel.

Kidani cha mke wa lordi fulani: nyuzi tano, punje mia tatu na kumi.
Bizimu ya msiba: lulu kama chenga za mchele
zimezingira kishungi cha nywele za mtoto aliyekufa.
Hapo tunakaa kidogo.
Hereni, na picha ya aliyezivaa:
mwenyewe ana jina, hereni zina jina,
hata mbwa aliyelala mapajani pake ana jina.
Halafu picha ya eksirei, lulu iliyochunguliwa tumboni:
duara ndani ya duara ndani ya duara,
na katikati doa, kile kitu kilichomuudhi kome.

"Kumbe," anasema Bi Ishbel, "ni kinyongo kilichopigwa msasa."

Kona ya mwisho, karibu na vyoo, kuna kabati dogo.
Ndoo ya bati yenye kitako cha kioo.
Fimbo ndefu yenye panda nchani.
Namsomea: Vifaa vya mvuvi wa lulu, Mto Tay. Mwenyewe hajulikani.

Kimya.
Kisha pete yake ya ndoa inagonga kioo, ko, ko, ko.
"Anajulikana."

Ule waya mwekundu kwenye mpini aliufunga yeye, ana miaka saba,
waya wa kuibwa kwenye baiskeli ya kaka yake.
Baba alisimama mtoni maji yakimfika kifuani,
uso ndani ya ndoo, anasoma sakafu ya mto.
Kome mia anapasua, mia wanakufa bure,
na siku moja moja, punje:
anaiweka shavuni, anarudi nayo nyumbani bila kusema neno,
na mama anajua kwa ule ububu.
Chanda chema huvikwa pete, tunasema kwetu.
Chanda cha baba yake kilikufa ganzi, kikakatwa.
Pete walivaa wengine.

"Na tuliwamaliza," anasema. "Kome. Siku hizi ukimgusa mmoja unashitakiwa,
na ni haki."

Ananiomba kalamu.
Ananibandua kifuani kile kibandiko, anakigeuza,
anaandika kwa mkono unaotetemeka: Wattie Geddes,
anakigandisha kwenye kioo.
Upande wa gundi ndio wenye jina; hakishiki,
kinaanguka. Tena. Kinaanguka.
Mlinzi anakuja, kijana mwenye ndevu za juzi,
anasoma, anatazama taa za dari
kama mtu aliyetumwa kuzihesabu,
kisha anatoa mfukoni kipande cha selotepu.

Sijui kilikaa mpaka lini. Sikurudi kuangalia.

Jioni namwosha miguu kwenye beseni jeupe.
Maji ni ya vuguvugu, yametulia.
Anainama, anainama zaidi,
nywele zake karibu ziguse maji,
nami nashika bega lake asianguke
wala simuulizi anatafuta nini.