Nipe Mji

Ijumaa, kipindi cha mwisho, Darasa la Sita B, Mbagala.
Umeme umekatika tangu saa nne,
na projekta niliyoiazima kwa Mwalimu Msuya
imekaa mezani kama mgeni aliyekosa chai.
Basi. Tutarudia somo kwa mdomo.
Makundi manne, kila kundi mfuniko wa sufuria na kijiko.
Anayegonga kwanza ndiye anayejibu.
Alama ni visoda.

Kitendawili!
Tega!
Nyumba yangu ina vyumba vinne, mpangaji halali.
Kwaa! Pazi, kabla sijafunga mdomo: Moyo!
Kisoda kimoja.
Mafundi wangu hawaitwi, wakiona ufa wanaziba.
Chembe sahani! anapaza Nasma,
kijiko kimemponyoka, kimeruka hadi dirishani.
Wiki mbili nimezihubiri chembe sahani ubaoni
wakanitazama kama samaki wa barafu.
Leo wanazigombania.

Njia ya kwenda na njia ya kurudi
hazikutani ila vichochoroni.
Chipegwa anagonga, kisha anasahau alichogongea.
Nipe mji!
Anatoa Chamazi, kwa kuwa ndiko kwao,
nami naupokea: nimekwenda Chamazi,
nimekula mihogo ya nazi, nimelala, nimeamka,
nimerudi na jibu. Kapilari, wanangu.
Wanacheka mpaka madawati yanalia.

Ndipo mfuniko wa kundi la nyuma ukagongwa
taratibu, kama mtu anayebisha hodi
kwenye nyumba yenye mgonjwa.
Sikudhani. Yule ambaye kila Jumatatu
namwandika hayupo.
Mwalimu, naweza kutega mimi?
Nikampisha.
Kitendawili, akasema, karibu kwa kunong'ona.
Tega, tukaitika.

Nyumba imeongezeka ukubwa,
mpangaji anakosa pumzi.

Nilipekua kichwani kitabu kizima cha Sayansi.
Ukurasa huo haumo.
Pazi alishika kijiko, akakirudisha.
Nipe mji, Mwalimu.
Nikampa Dar es Salaam nzima,
Bunju mpaka Kongowe, pamoja na madaraja yake
na taa zote, zinazowaka na zisizowaka.
Akatikisa kichwa.
Mkubwa mno huo. Nipe Muhimbili tu,
Jumatatu, foleni ikiwa fupi.

Nikampa.
Nimekwenda Muhimbili, akasema,
kwa utaratibu uleule wa mchezo,
nimekaa kwenye benchi,
nimekula biskuti nusu, nusu nimembakizia,
nimerudi.
Jibu ni moyo wa mama.

Jenereta ya duka la jirani
ilisikika ikivuta, ikikohoa, ikivuta.
Halafu Pazi, mtu wa hesabu hata msibani,
akaokota kisoda kutoka kwenye fungu lake mwenyewe,
akakigeuzageuza kiganjani:
Mwalimu, hiki ni cha kundi gani?