Ufagio wa Bi Tak

Ukumbi wetu uko ghorofa ya pili, mjini Mokpo,
juu ya mkahawa wa Bi Tak, mpika supu ya pweza.
Kila tukiruka, bakuli zake hutetemeka rafuni;
kila tukitua, hugonga dari kwa mpini wa ufagio,
ngo, ngo, ngo,
na tusi la kwao hupanda pamoja na harufu ya kitunguu saumu.

Haeryong ana miaka kumi na tisa
na kimo kinachomfanya auziwe tiketi ya mtoto.
Asubuhi husambaza mitungi ya gesi kwa pikipiki.
Jioni hufunga mkanda, hutazama ukutani
mstari wa chaki niliouchora nikiwa juu ya kiti:
mita mbili na robo.
Ubao wa msonobari hukaa hapo. Kazi yangu ni kuushika.
Mwezi wa kumi na moja teke lake liliishia kwenye kiwiko changu.

"Nifundishe kuruka," alimwambia Mwalimu Maeng.
Mwalimu, mwenye goti lililoshonwa mara mbili,
akamwonyesha gunia la mchele, kilo ishirini.
"Libebe. Chuchumaa."
"Mimi nataka kwenda juu."
"Nimesikia. Shuka."

Akashuka.
Hesabu nne kwenda chini, pumzi moja kuinuka,
mapaja yakicheza kama kifuniko cha sufuria inayochemka.
Seti tano. Kisha ngazi:
vidole kwenye ukingo, visigino vikining'inia hewani,
kupanda polepole, kushuka polepole zaidi,
hata usiku akawa anateremka kwenda nyumbani kinyumenyume,
mkono ukutani, kama mlevi anayetafuta swichi.

Desemba yote hakuruka hata mara moja.
Januari gunia likawa mawili.
Mimi, sikufichi, nilidhani amekata tamaa
na anaona haya kusema.

Lakini mshika ubao ana muda mwingi wa kutazama,
na hiki ndicho nilichokiona:
hakuna aliyewahi kupaa kwa kuivuta anga.
Anga haina mshikio.
Ni sakafu inayosukumwa, nayo haili mali ya mtu;
hurudisha palepale, senti kwa senti,
ila kwanza uwe na cha kuikopesha.

Februari, theluji ikiwa bado kwenye vioo,
Mwalimu akaleta sanduku la mbao.
"Dondoka. Gusa. Ondoka.
Sakafu ni kikaango, usiiulize hali."
Haeryong akadondoka, akagusa, akaondoka.
Tena. Na tena. Mara ya tisa
sote tukagundua kitu kimoja kwa pamoja,
tukanyamaza, tukatega sikio chini:

ufagio haukugonga.

Akaruka tena. Kimya.
Chini, hata kijiko hakikulia.
Ndipo tukasikia ndara zikipanda ngazi,
na Bi Tak, ambaye miaka sita hakuwahi kufika huku,
akasimama mlangoni na aproni yake, ufagio mkononi.
"Kulikoni? Mmekufa?"

Mwalimu akamkaribisha mkekani.
Mimi nikapanda kitini na ubao,
nikageuza uso, kwa ajili ya kiwiko.
Hatua tatu. Ya nne sikuisikia.
Upepo ukanipita utosini, nywele zikasimama,
na ubao ulikuwa mzima mikononi mwangu.
Nyuma yangu akatua
kama mtu anayeweka yai mezani.

"Amekosa," alisema Bi Tak.

Mwalimu akanitazama, akatazama chaki,
akatazama pale juu mguu ulipopita, shibiri nzima.
"Amekosa," akakubali. "Tafuta kiti kirefu."

Hatukuwa nacho.
Bi Tak akashuka akibwata, akarudi na stuli ya kaunta,
akaipigisha sakafuni kwa kishindo cha makusudi,
akachutama mwenyewe, akazishika miguu zisiyumbe.