Mbao Tisa

Duka la Esufali halikuwa na mlango.
Lilikuwa na mbao tisa za kusimamisha,
kila moja na namba yake ya Kigujarati, rangi nyeupe,
na kila asubuhi alizitoa moja moja
akaziegemeza ukutani, huku sisi wa chuoni
tukipita Langoni na mbao zetu kwapani, tukizisoma zake:
ek, be, tran, char.
Be ya dukani ilikuwa mbili.
Be ya chuoni ilikuwa na nukta chini.
Nilichapwa kwa kuzichanganya.

Ya saba haikuwa mbao. Ilikuwa bati
la tangazo la sabuni, limegongomewa kwenye fito
tangu mchwa walipomaliza ya asili.
Mwanamke wa bati alikuwa akicheka,
nusu ya meno yake kutu.
Alilala hivyo kila usiku, baina ya sita na nane.

Ndani, giza la hiliki na mafuta ya taa.
Kamba, misumari, doti za leso,
dawa ya mende jirani na biskuti
na hakuna aliyewahi kuugua, au hakuna aliyesema.
Jiwe la robo kilo lilipotea zamani,
kwa hiyo akapimia kufuli.
Mchana ilipima sukari, usiku ilifunga duka.
"Kufuli ile nyepesi," mama aliapa barazani,
mbele ya mashahidi.
Kesho yake alinituma kukopa.

"Watakani yeo?"
Kiamu chake kilikuwa safi kuliko cha walimu wetu,
ila sauti moja mbili ziliteleza kwenye tambuu.
Sukari robo, chumvi, kibiriti. Mama asema uandike.
Aliandika. Daftari refu jekundu,
herufi zimejikunja kama ndoana ndogo.
Kisha, macho bado kwenye karatasi,
mkono wake ulizama katika chupa
ukanipa peremende moja.
Nilidhani mkono ule haukuwa na habari na mwenyewe.

Rajabu iliyopita alifia Mombasa, hospitalini.
Zehra, bintiye, alikuja kufunga.
Siku tatu watu waliingia wakitoka:
huyu kanunua ndoo, huyu kaja kushika kaunta tu,
pale palipochimbika kwa viwiko.
Bwana Shee Omari alilipa shilingi arubaini
za mwaka ambao Zehra hakuwa amezaliwa,
akadai risiti.

Mimi niliomba anisomee ukurasa wetu.
Hatukuandikwa kwa jina.
*Mama wa kijino,* alisoma, akanitazama mdomoni,
akacheka. *Sukari robo. Chumvi. Kibiriti.
Peremende moja, bure.*
Akafunua. *Mafuta ya taa chupa moja.
Peremende moja, bure.*
Akafunua tena. Miaka mitano ya bure,
kila moja imeandikwa, imepigiwa mstari,
hakuna hata moja iliyoponyoka.

Sijui kilichonituma. Nilikimbia kwa jirani
nikaazima jiwe la robo, halisi, lenye mhuri,
tukaliweka huku, kufuli huku.
Mizani ikawaza kidogo.
Kisha kufuli ikapanda juu.
Mama alisema kweli, na mama hayupo nimwambie.
Labda peremende zangu zilitoka humo,
punje kwa punje, kwenye sukari yetu wenyewe.
Zehra aliona haya. Nikamwambia, usijali,
zilikuwa tamu.

Jioni tulisimamisha mbao pamoja.
Yeye alizitaja, mimi nilizibeba: panch, chha,
tukamrudisha mwanamke wa bati mahali pake,
ath, nav.
Kufuli nyepesi ikalia, tak.

Siku hizi Lali anapita na punda wake, mawe ya matumbawe mgongoni.
Pale pale, mbele ya namba nne,
ambapo magunia yalikuwa yakimwaga mchele,
punda anasimama.
Lali anamtukana, anamtukania na mamake.
Punda anainamisha kichwa, ananusa sakafu,
ananusa tena.