Paka Chini ya Boksi

Nilizinunua Maabela, usiku wa mshahara,
duka limejaa hadi vitoroli vinagombana,
Muzna kakaa ndani ya chetu, juu ya gunia la mchele,
visigino vyake vinapiga ngoma kopo la maziwa.
Nasor anahesabu kwa midomo, bila sauti:
mafuta, sabuni, nepi, tuna,
na hizi ni nini tena?

Chupa za chai. Mbili, rangi ya dhahabu,
na vikombe kumi na viwili visivyo na mikono.
Riali saba na baisa mia tisa.
Za Thureya, nikamwambia, kajifungua.
Thureya, akasema, ana chupa za kufungulia mkahawa.
Nikasema, mkono mtupu haulambwi.

Garini Muzna akachukua kalamu ya baba yake
akachora paka chini ya boksi:
masikio matatu, mkia kama ufagio.
Sikumgombeza.
Nani huitazama zawadi kwa chini?

Miaka minne, tukahamia nyumba yetu wenyewe.
Rangi bado inanuka, mazulia bado yamekunjwa,
watu wanaingia na halua, na udi, na saa za ukutani,
saa tano, kwa sebule yenye kuta nne.
Shamsa kaja kutoka Ibra na boksi la karatasi ya maua.
Si kitu, kidogo tu, Mungu awape heri.
Usiku nikachana maua, nikalipindua.

Masikio matatu.

Nilicheka hadi Nasor akaamka.
Tukakaa kitandani tunaunga njia kama mafundi bomba:
Thureya kampa Raya, harusi ya Barka.
Raya kampa Bi Ghalia, aliporudi hija.
Bi Ghalia kampa Shamsa, arubaini ya mtoto wa tatu.
Zimetembea kuliko sisi,
na hazijaonja tone la maji ya moto.
Nikazipandisha juu ya kabati.
Jokha anaolewa Shaabani.

Lakini asubuhi ya Idi chupa yetu kuukuu
ilimponyoka Muzna, kioo cha ndani kikawa chenga,
na wageni wanavua viatu mlangoni.
Nikapanda kiti. Nikakata utepe juu ya utepe,
kila nyumba na utepe wake.
Ndani ya chupa ya pili, bahasha.

Noti nne za riali tano,
na mwandiko wa Bi Ghalia, ule unaopanda
kama mtu mwenye magoti mabovu kwenye ngazi:
*Shamsa mwanangu, chupa ni za watu waone.
Hizi ni zako. Usimnunulie mtoto, usimpe mumeo.
Nunua kitu cha kijinga.*

Bi Ghalia tulimzika mwaka jana.
Nakumbuka matangani, Shamsa anapanga sinia,
akasema taratibu, kama mwenye mwiba kooni:
Kanilea, lakini mkononi mwake
sikupata ila chupa.

Siku tatu bahasha ililala chini ya mto wangu.
Nikimpa, namwambia: najua hukufungua.
Nisipompa, nimekula amana ya maiti.
Nasor alijigeuza ukutani. Haya ni ya wanawake, akasema,
na alfajiri nikamkuta anaipima gari upepo.

Moja nikaijaza kahawa, moja chai ya maziwa na iliki,
nikashika barabara ya Bidbid.

Shamsa aliisoma kasimama, unga mikononi.
Akaisoma tena.
Noti akazihesabu, akazirudia, kama vile zingeongezeka.
Mimi nikatazama friji lake, sumaku za friji lake,
ndizi, tembo, msikiti mdogo wa plastiki.

Akavuta kikombe. Akamimina.
Mvuke ukapanda ukafunika miwani yake,
hakuifuta.
Kutoka Maabela? akauliza.
Kutoka Maabela.
Akapuliza, akanywa kidogo.

Kumbe zinashika moto.